Nilimwombea Nekesa kwa Wivu

Nilikosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa upenyo mdogo tu nitajitetea mpaka mnionee huruma. Msinionee. Nilimharibia rafiki yangu wa dhati maisha yake, na sikutumia uchawi wala matusi. Nilitumia maombi!

Ndiyo, maombi. Yale ya kuinamisha kichwa na kufumba macho. Mhariri, tafadhali usitoe jina langu, maana mama yangu bado anasali kanisa lilelile na anakaa benchi lilelile.

Rafiki yangu nitamwita Nekesa. Si jina lake, lakini kwao ni Bungoma kama kwetu, kwa hivyo litamkaa vizuri. Sisi tulikuwa tukiishi Buruburu. Baba alikuwa karani wa cheo serikalini, na sebule yetu ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, televisheni ya rangi na deki ya video. Akina Nekesa walikaa Makongeni, nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa mabehewa. Tulikutana shule ya Jumapili tukiwa wadogo, na tangu hapo ukimwona mmoja ulijua mwingine hayuko mbali.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini tuliingia chuo kikuu pamoja, tukachukua somo ambalo wazazi wetu hawakulielewa hata kidogo: fasihi ya ulimwengu na filamu. Baba yangu aliuliza, "Kwa hivyo serikali inakusomesha uende ukaangalie sinema?" Baba yake Nekesa hakuuliza chochote. Alisema akimaliza atakuwa mwalimu, na mwalimu ni mwalimu.

Nililipenda somo lile jamani! Tulisoma riwaya za watu wa theluji, watu wa jangwani, watu wa visiwani ambao sikuwahi kujua wapo. Kitabu kimoja kilizunguka darasa zima, ukikipata unakisoma hata kwenye foleni ya chakula. Filamu zilikuwa kanda za video ambazo mhadhiri wetu, tulimwita Daktari tu, alizitafuta mwenyewe kwa marafiki zake. Nyingi zilikuwa za lugha tusizozijua, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha.

Sasa nisikilizeni. Mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa mbele. Kiingereza changu kilikuwa kimepigwa pasi. Insha zangu Daktari alizisoma mbele ya darasa, na mimi nikijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba ili watu wasione ninavyotabasamu. Nekesa alikaa kando yangu akitafuna kalamu. Akiandika mistari mitatu, amechoka. Wakati huo nilimpenda sana. Ni rahisi kumpenda mtu aliye nyuma yako.

Mambo yaligeuka chuo kilipofungwa. Kulikuwa na mgomo, mawe yakarushwa, serikali ikatufukuza wote turudi makwetu. Daktari alijua kwetu kuna deki, akaniachia kanda kadhaa ili mimi na Nekesa tusikae bure. Basi Nekesa akawa anakuja Buruburu mchana, wazazi wangu wakiwa kazini, tunaangalia filamu huku tukila mahindi ya kuchoma.

Siku moja mama yake alipita kwetu na wanawake wenzake wa kanisa, wakitoka kumjulia hali mgonjwa. Wakaketi wapumzishe miguu. Kwenye televisheni kulikuwa na filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mjane mmoja wa nchi ya baridi aliyekodisha chumba kwa fundi wa saa.

"Huyo mzungu analia nini?" Mama Nekesa akauliza.

Nikaanza kuwatafsiria. Nilitafsiri kila neno kwa makini, hata vituo sikuviacha. Mmoja akapiga mwayo. Mwingine akaanza kutazama vitambaa vyetu vya viti na kuuliza mama alivinunua wapi.

Nekesa akainuka, akasimama kando ya televisheni. "Mama, wacha nikwambie. Huyu bwanake amekufa, si ndiyo? Sasa mashemeji wanataka nyumba. Unaona vile amefunga hicho kitambaa kichwani? Hiyo si ya kwenda sokoni. Hiyo ni ya kupigana!"

Weee! Wanawake walisogeza viti mbele. Mmoja wao alikuwa amefukuzwa na mashemeji zake mwenyewe huko nyumbani, na alianza kuongea na televisheni ana kwa ana. "Usiwape funguo! Mama, usitoke!" Nekesa naye akawa anamjibu kwa sauti ya mjane, anageuka anakuwa shemeji, anageuka tena anakuwa fundi wa saa anayegugumiza maneno. Hata Kiingereza cha chini ya picha hakukisoma tena. Filamu ilipoisha walikuwa wanalia na kucheka, na chai niliyowapikia ilikuwa imepoa mezani, haijaguswa.

Pale ndipo kile kitu kiliniingia. Niliosha vile vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikakatika mkono.

Wanawake walirudi, na waliporudi walileta wengine. Mama yangu alichoka kukuta viti vyake vimejaa wageni, akasema mchezo uhamie kwingine. Kanisa likatupa ukumbi wake, Jumapili mchana baada ya ibada. Na chuo kilipofunguliwa tuliendelea, maana hao wanawake hawangekubali tuache.

Mnajua nani alibeba vyombo? Mimi! Deki yetu, televisheni yetu, nikizifunga kwa blanketi na kuzipakia kwenye mkokoteni, nikitembea kando yake nimeshika waya isiburuzike. Nikifika naunganisha, najaribu picha, nakaa. Kisha Nekesa anasimama, na makofi yanaanza kabla hajafungua mdomo. Mimi waliniita "yule wa deki". Miaka yote ya kujua vitabu, insha zangu zote, na jina langu likawa yule wa deki!

Lazima niwaeleze habari ya leso, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Filamu zile zilikuwa za watu wazima wa nchi nyingine, na hapa na pale mtu alivua nguo. Kanisani kwetu, mjue, hata sketi ya magotini ilizungumziwa kwenye mahubiri. Sehemu kama hiyo ikikaribia, Nekesa alimpa mama yake ishara. Mama Nekesa na mwenzake mmoja wanainuka, kila mmoja anashika upande wa leso ya kujifunga kiunoni, wanaifunika televisheni. Na Nekesa hanyamazi! Anaendelea kusimulia.

"Mlango umefungwa. Viatu viko nje. Sisi ni wageni tu, tuko hapa kwenye veranda tunangoja chai. Akina mama, chai imeiva?"

"Bado!" ukumbi mzima unajibu.

"Na sasa?"

"Ngojea maji yachemke!"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa vitambaa vyao vya kichwani. Leso ikishuka, mjane yuko jikoni anakata mkate. Hakuna aliyeona kitu, na kila mtu ameelewa. Nilikuwa nikikaa pale nyuma nikiomba umeme upotee. Haki ya Mungu, niliomba hivyo.

Darasani nako mambo yakawa yaleyale. Daktari aliuliza kwa nini mjane alimkubali yule fundi wa saa. Nilinyoosha mkono, nikaongea kuhusu upweke na alama ya wakati katika jamii iliyotoka vitani. Daktari akatikisa kichwa, vizuri. Kisha akamtazama Nekesa.

"Mama mmoja wa mtaani kwetu alisema hakumpenda hata," Nekesa akasema. "Alipenda tu kusikia mtu anatembea ndani ya nyumba."

Daktari alivua miwani. "Rudia hayo."

Akayarudia. Daktari aliyaandika ubaoni! Maneno ya mama asiyejua kusoma, ubaoni, na insha yangu imekaa pale mezani. Na Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe kanisani kwetu, akaketi kati ya wanawake, akajibu "bado" pamoja nao kama mtoto.

Wivu ni maradhi, msidanganyike. Nilishindwa kula. Nikimwona Nekesa amevaa blauzi mpya nilijiuliza nani kamnunulia. Akinishika mkono nilihesabu sekunde niutoe. Na yeye, masikini, hakuona kitu. "Sasa wewe, mbona umekuwa hivyo? Unaumwa?" aliniuliza. Nikamwambia ni mitihani.

Mwaka wa mwisho ikaja ile nafasi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitaka mwanafunzi mmoja kutoka kwetu aende kusomea filamu, kila kitu juu yao. Daktari alituita ofisini kwake mimi na Nekesa. Alisema amepeleka majina mawili, na wageni wawili wangekuja kutuona. Mimi wangesoma insha zangu na kunihoji. Nekesa wangemwona ukumbini Jumapili, na wanawake wake.

"Wanawake wawepo," Daktari akamsisitizia. "Bila wao hii kazi yako haionekani."

Tulipotoka nje Nekesa alinirukia shingoni. "Aki wewe! Mmoja wetu anaenda! Ukienda wewe ama niende mimi, si ni sawa tu?"

Nikamwambia ni sawa. Nilijua si sawa. Nilijua pia, kama ninavyojua jina langu, kwamba wageni wakimwona akiwa ukumbini mbele ya wale wanawake, mimi nimekwisha.

Jumatano kabla ya wageni kulikuwa na fellowship. Wenye makanisa ya kwetu mnaijua: jioni, nyumba kwa nyumba, nyimbo kidogo, neno kidogo, kisha maombi. Juma lile ilikuwa Makongeni, kwa Mama Selina, mwenyekiti wa akina mama. Nekesa hakuja, alikuwa amebaki maktaba. Mama yake alikuwepo, kitambaa cheupe kichwani, ameketi karibu na mlango.

Mama Selina akauliza, kama kawaida, "Kuna aliye na ombi?"

Mmoja akaombea mtoto wake aliyeachishwa kazi. Mwingine mguu. Nikasimama mimi.

Ni lazima niwaeleze jinsi inavyofanyika, kwa sababu wengi wenu mmefanya. Kumsengenya mtu ni dhambi. Lakini ukisimama kwenye fellowship ukasema "tumwombee", unaweza kusema chochote, na hakuna atakayekuuliza swali. Utauliza vipi maombi? Nilijua hilo. Nilikuwa nimelipanga tangu Jumatatu.

"Bwana asifiwe," nikasema. Wakaitikia. "Nina ombi kwa ajili ya dada yetu mmoja. Sitataja jina, Mungu anamjua. Tulianza naye masomo tukiwa safi. Lakini zile picha tunazoonyeshwa kule chuoni, mama zangu, kule hakuna leso. Mimi nafumba macho. Yeye anaangalia mpaka mwisho. Na sasa naona zimemwingia, na anazileta mpaka ndani ya nyumba ya Mungu, na sisi tunacheka. Naogopa kwa ajili ya roho yake. Naogopa na kwa ajili yetu."

Kisha nikalia. Machozi yalikuja yenyewe, mengi, ya moto. Sikuyaigiza! Nilikuwa nalilia ile nafasi, nalilia ubao wa Daktari, lakini nani angejua?

Na niwaambie ukweli wote. Kule chuoni nilikuwa naketi kando ya Nekesa na macho yangu wazi kabisa. Sijawahi kufumba hata mara moja.

Hakuna aliyetaja jina. Hakuna aliyegeuka kumtazama Mama Nekesa. Wote waliangalia sakafu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama. Yeye aliyekuwa akishika leso! Mama Selina akaongoza maombi, sauti zikapanda, wakamkemea pepo wa picha. Mama Nekesa alikuwa ameweka viganja usoni. Tulipomaliza alinijia pale nilipokaa, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante kwa kumlilia mtoto wangu."

Nilikunywa chai. Nilikula na mandazi.

Jumapili ikafika. Nilipeleka vyombo kama kawaida, kwa mkokoteni, blanketi, kila kitu. Wageni walikuja na Daktari, mwanamume na mwanamke, wakapewa viti vya mbele. Nekesa alivaa gauni la bluu. Alisimama mlangoni akitazama njia, na ibada ilikuwa imekwisha zamani, na wanawake walikuwa wanapita nje kwa makundi na Biblia zao kwapani, wakienda makwao. Hakuna aliyeingia.

Mama yake pia alipita.

"Labda wamechelewa," Daktari akasema.

"Hawajachelewa, Daktari," Nekesa akasema taratibu.

Walingoja kidogo. Mwishowe yule mgeni wa kike akatabasamu akasema aanze tu, hata sisi wanne tunatosha. Nekesa akaweka filamu ileile ya mjane. Alianza kusimulia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila alipotulia kidogo kwa ajili ya kicheko, palikuwa na mabenchi matupu. Wageni walitazamana.

Ile sehemu ikakaribia. Nekesa akachukua leso mwenyewe, akatafuta kwa macho, na pale ndani hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita.

"Nishikie upande ule," akaniambia.

Nikainuka nikashika! Mimi! Tulisimama pande mbili za televisheni, leso katikati yetu, na picha ikiendelea nyuma yake. Nilingoja aseme mlango umefungwa. Nilingoja viatu, veranda, chai. Alikuwa ananitazama usoni, na macho yake yamejaa maji, na hayakuwa na hasira hata kidogo. Nilidhani ananishtaki. Kisha akaachilia upande wake, akanyoosha mkono, akazima televisheni.

"Samahani, Daktari," akasema. "Mimi nimeacha."

Alitoka nje na gauni lake la bluu. Daktari alimfuata, akarudi peke yake.

Nafasi nikaipata mimi.

Mnataka kujua kama nilifurahi? Nilifurahi! Nilifurahi mpaka uwanja wa ndege. Nilikwenda nikasoma, nikaongezewa muda, nikasoma tena. Na kule darasani waliponiuliza watu wa kwetu wanaziangalia vipi filamu hizi, unafikiri niliwaambia nini? Niliwaambia habari ya leso na chai, kana kwamba ni mimi niliyesimama pale mbele. Walinipigia makofi.

Hakuniandikia, sikumwandikia. Nilisikia kwa mama kwamba alimaliza chuo, akaacha kabisa mambo ya filamu, anafundisha Kiingereza shule ya msingi huko Eastlands. Niliporudi nchini mwaka jana nikaenda kanisani Jumapili ya kwanza, nikiwa na koti langu la ng'ambo, nikiogopa kukutana naye.

Alikuwa pale mbele! Nekesa sasa ndiye mwenyekiti wa akina mama. Kitambaa cheupe kama cha mama yake. Wakati wa ushuhuda akasimama, akawaambia vijana wajihadhari na vibanda vya video vilivyojaa mtaani. Alisema yeye mwenyewe alikuwa amepotelea humo. Alikuwa akizipenda picha kuliko kitu chochote, akidhani hakuna ubaya, akizileta hata ndani ya kanisa.

"Lakini Mungu alinipa rafiki," akasema. "Wengine wote walikuwa wananipigia makofi. Yeye peke yake alinililia. Mama aliniambia alivyolia, na mimi nikasema, kama huyu anayenijua kuliko wote ameona dhambi, basi ipo. Jumapili ile nikaacha. Na leo rafiki yangu amerudi. Yuko pale nyuma. Simama wakuone!"

Nikasimama. Kanisa lote likanipigia makofi. Makofi yale niliyoyatamani miaka yote, ukumbi mzima, wanawake walewale!

Baada ya ibada alinikumbatia akasema lazima nile kwake. Tukaenda kwa miguu mpaka soko la Burma anunue nyama. Alikuwa na furaha, ananiuliza habari za baridi na vyakula, ananicheka namna ninavyotembea siku hizi. Tulisimama kwenye foleni ya bucha, na mwenye bucha alimfahamu.

"Mwalimu! Leo nikukatie mbavu?"

"Mbavu, na uniwekee za maana. Nina mgeni."

Sikuweza. Ningewezaje kukaa mezani kwake nile? Nikamwambia palepale, panga likigonga gogo, watu nyuma yetu wakisukumana. Nilimwambia nilikuwa na wivu. Kwamba nililipanga lile ombi tangu Jumatatu. Kwamba sikuwahi kufumba macho. Kwamba nililia kwa sababu nilitaka ile nafasi.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwenye bucha alimuuliza kama aongeze mifupa ya supu. Yeye akanigeukia mimi.

"Ngoja," akasema. "Hukuniona nikiwa na dhambi?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Fikiria vizuri. Labda uliona kidogo."

"Nekesa, sikuona kitu. Nilikuonea wivu tu."

Alishika ukingo wa meza ya bucha. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma hesabu ngumu.

"Mimi nilitubu," akasema. "Nilifunga. Nilimwomba mama msamaha nikiwa nimepiga magoti. Nimewakataza watoto wa watu. Nilipokuwa nakumbuka zile Jumapili na moyo unanivuta, nilikuwa najipiga, najiambia wewe, rafiki yako alikulilia." Akanitazama. "Kwa hivyo hakukuwa na ubaya wowote?"

"Hakukuwa."

"Na ilikuwa nzuri?"

Niliitikia kwa kichwa, ndiyo, na machozi yakaanza kunitoka.

"Usilie!" akasema kwa ukali, mpaka watu wakageuka. "Wewe usinililie tena."

Akachukua nyama yake, akalipa. Akaniambia nisimfuate. Nilimwona akikata kona ya soko, kisha akasimama katikati ya njia, watu wakimpitia huku na huku, kama amesahau nyumba yake iko upande gani.

Tangu hapo hajaingia kanisani. Mama yangu anasema hata ushirika wa akina mama ameuacha, na hakuna anayejua sababu. Wamemwekea ombi. Kila Jumatano wanamwombea, na Jumatano iliyopita walinigeukia mimi, rafiki yake, niongoze maombi. Nilichukua mkoba wangu nikatoka nje.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, na una rafiki anayekupita, nakusihi. Ukiona wivu, uite wivu. Mwambie uso kwa uso, "nakuonea wivu," hata kama ni aibu, mtacheka na yataisha. Usiufunge leso ya dini. Usisimame mbele ya watu ukasema "tumwombee". Na kama umeshafanya, nenda ukaseme mapema, kabla mtu hajajenga maisha yake yote juu ya uongo wako, maana mimi nilichelewa. Nilipomwambia ukweli sikumrudishia kitu. Nilimwachia tu kujua alichokuwa nacho.